Safari ya Makorongo ya Kimberley



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlioketi huko nyuma, leo nimeombwa nizungumze juu ya safari. Wako vijana wetu wanaosoma Australia, na likizo ikifika wenzao huwaambia: twendeni tukapige kambi, tukaone makorongo. Basi atakayekwenda na aende akijua anakokwenda.

Kaskazini-magharibi mwa nchi ile kuna sehemu iitwayo Kimberley. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita mraba 400,000, yaani kama robo tatu ya Kenya yetu, na watu wake wote hawafiki 50,000. Hebu fikiria! Katikati hupita Gibb River Road, kama kilomita 660, kutoka mji wa Derby kuelekea Kununurra na Wyndham. Sehemu kubwa ni vumbi na mawe. Barabara hii ilichongwa kwa ajili ya malori ya ng'ombe, wala si kwa watalii. Gari dogo la mjini liache huko huko mjini.

Huko, mwenye amri ni maji. Kuanzia kama Novemba mpaka Aprili mvua hunyesha, mito ikafurika na njia ikafungwa. Watu husafiri kati ya Mei na Oktoba. Mwanzoni mwa 2023 mto Fitzroy ulifurika ukalivunja daraja la barabara kuu ya lami. Lami ilishindwa, je, vumbi? Nasi hatuwezi kusema hatujui. Kwenye korongo la Hell's Gate, pale Naivasha, maji ya ghafla yaliua watu mwaka 2012, yakaua tena 2019. Mvua inaweza kunyesha mbali na wewe ulipo pakavu.

Na kiangazi je? Hapo hatari ni kukosa maji. Gari likiharibika, USILIACHE. Kijana hujiona ana nguvu, akasema atatembea mpaka mbele kidogo. Mbele kidogo huko ni kilomita 80, jua kali, hakuna mtu. Gari lina kivuli, na anayekutafuta ataliona gari kabla hajakuona wewe. Kwa hiyo beba maji ya kunywa ya siku kadhaa kuliko ulizopanga, na spea taya mbili, kwa maana mawe yale hukata mpira. Simu ya mkononi haishiki, tafuta ya setilaiti. Na mwambie mtu nyumbani: napita hapa, nikinyamaza mpaka siku fulani, piga ripoti. Mama, mdai mwanao jambo hilo.

Kuna mto Pentecost, ambao gari huuvuka kwa kupita ndani ya maji. Kwingine dereva huteremka akapima kina kwa miguu. Hapo usithubutu! Mna mamba wa maji ya chumvi, na huyo hana mchezo. Yule wa maji baridi utamkuta ameota jua pale Windjana Gorge, ni mpole kidogo, lakini mpolewe wake usiujaribu.

Windjana yenyewe ni ajabu. Kuta zake zilikuwa matumbawe chini ya bahari, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita. Sisi wa pwani tumbawe tunalijua, ila kulikuta bara, likisimama kama ghorofa!

Lakini msidhani ni pori lisilo na mwenyewe. Ni nchi ya Wabunuba. Jandamarra, kijana wao, alikuwa akiwasaidia polisi kuwasaka ndugu zake, waliokuwa wakifungwa minyororo. Mwaka 1894 akageuka, akawafungua, akapigana hapo hapo Windjana. Aliuawa 1897 karibu na Tunnel Creek, ambako leo watalii hupita na tochi chini ya mlima. Penye kibao kinachokataza kuingia, usiingie, hata kama picha itakuwa nzuri.

Mwisho wa njia, Wyndham, ulizia makaburi ya Waafghani. Walikuwa wachunga ngamia Waislamu, wengi hasa wametoka sehemu ambazo leo ni Pakistan na India. Walianza kuletwa Australia mwaka 1860, wakabeba mizigo kabla ya lori kufika. Wengine hawakurudi kwao. Ukifika hapo, simama uwatolee salamu.