Ngazi za Mwalimu wa Udaktari



Kijana mmoja wa Kidato cha Sita ameniuliza daktari anakuwaje profesa. Tangu shule ya udaktari ya Dar es Salaam ifunguliwe mwaka 1963, wengi wameipanda ngazi hiyo: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa.

Taabu iko hapa. Mwalimu wa wodini hupitia wagonjwa asubuhi akiwa na wanafunzi nyuma yake, hupasua mchana, na usiku huitwa tena. Siku ya kuomba cheo huulizwa kwanza makala alizochapisha. Mgonjwa aliyepona hana nafasi katika fomu!

Wapo wasemao makala zifutwe. Sikubaliani nao, daktari asiyechunguza hurudia aliyofundishwa zamani. Ila mafundisho ya wodini nayo yapimwe: wanafunzi waulizwe, wenzake wakamtazame akifundisha. Marekani vyuo kadhaa vimewawekea walimu wa namna hiyo njia yao ya kupanda.

Nawe kijana, ukifika huko, weka kumbukumbu nzuri za wagonjwa wako tangu mwaka wa kwanza. Makala zako zitatoka humo.