Hesabu Pumzi za Mtoto, Usingoje Kuche

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wananchi barazani

 

Mimi si muuguzi, kazi yangu ni habari. Lakini majuzi nilikesha na wauguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, na niliyoyaona yanatuhusu sote.

Saa nane usiku mama mmoja alifika kwa bodaboda, amemfunika leso mtoto wa miezi minane. Kikohozi kilikuwa cha siku ya tatu. Nyumbani walimpa dawa ya dukani, wakaamua kungoja kuche, hadi mtoto alipokataa titi.

Muuguzi alimfunua kifua, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 68. Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 84, na chini ya 90 ni hatari. Ilikuwa homa ya mapafu, yaani nimonia.

Mtoto alianza kupewa oksijeni kwa mpira mwembamba wa puani, kisha akachomwa sindano aliyoandikiwa na daktari. Usiku kucha muuguzi alikuwa akirudi: kuhesabu pumzi, kusafisha kamasi isizibe mpira, kumweka kichwa juu kidogo. Kwa kuwa mtoto anayehema hivyo anaweza kupaliwa, mama alikamua maziwa, yakapitishwa kwa mpira mwingine hadi tumboni. Kulipopambazuka kipimo kilisoma 93. Jioni yake alinyonya.

Nilimuuliza muuguzi niwaambie nini. Alisema niwaombe mje mapema.

Kuhesabu pumzi hata wewe unaweza. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue nguo, tazama saa ya simu yako, na kila kifua kinapoinuka hesabu moja, kwa dakika nzima. Anapumua mbio akifikisha:

- 60 au zaidi, akiwa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, akiwa na miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, akiwa na mwaka 1 hadi 5.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, usingoje hata saa moja.

Najua zahanati nyingi hufungwa jioni. Basi uliza leo ni kituo gani kilicho karibu nawe hupokea wagonjwa usiku, na uhifadhi nambari ya mwendeshaji bodaboda unayemwamini.

Ukipewa dawa ya kumpa nyumbani, mtoto aimalize hata akichangamka, na umrudishe siku uliyoambiwa. Usimpe dawa iliyobaki ya ndugu yake.

Kinga nayo ipo. Chanjo ya nimokokasi, inayotolewa nchini tangu 2011, hudungwa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mnyonyeshe maziwa ya mama pekee miezi 6 ya kwanza, na usimweke jikoni penye moshi.

Leo jioni mtoto akilala, jaribuni kuhesabu. Ukijua anavyopumua akiwa mzima, utatambua mapema akianza kuugua.