Kumtunza Mgonjwa wa Saratani Nyumbani



Twaomba ruhusa tuseme machache juu ya mwenzetu atibiwaye saratani kwa kemotherapia. Dawa hizi hutolewa kwa mizunguko, na mara nyingi mzunguko ni siku 21. Siku za kwanza huja kichefuchefu na uchovu. Kisha, kadiri ya siku ya 7 hadi ya 14, chembe nyeupe za damu hupungua, na mwili hukosa askari wake. Hapo homa ya nyuzi 38 haingojei asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Juma la tatu nguvu hurejea kidogo.

Basi nyumba na ifuate hesabu hiyo. Majuma mawili ya kwanza, kuteka maji, kupika na kupeleka watoto shuleni tukufanye kwa zamu. Mgeni mwenye mafua asubiri. Juma la tatu mgonjwa aachiwe kazi aziwezazo, maana ugonjwa haukumwondolea cheo chake nyumbani.

Wazee wetu, sisi tu hodari wa kuchangia mazishi. Twauliza kwa heshima: je, nauli ya hospitali si nafuu kuliko jeneza? Tumchangie angali hai.