KIDONGE PEKEE HAKIMALIZI MINYOO
Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Dzaleka, Malawi



Kamati imeniomba niseme machache juu ya afya ya watoto shuleni. Nimechagua minyoo ya tumbo.

Mtoto mwenye minyoo mara nyingi haonekani mgonjwa. Anakuja shuleni, anakaa, anasinzia. Mwalimu anamwita mvivu, jirani anasema amelogwa. Kumbe ana safura. Mnyoo huu mdogo hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, ukafika utumboni na kumnyonya damu. Ile minyoo mirefu nayo humnyang'anya chakula, na posho yetu mnaijua ilivyo.

Dawa ipo: kidonge kimoja cha albendazo cha miligramu 400. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliazimia kwamba angalau watoto 75 katika kila 100 wa umri wa shule walio hatarini wapewe dawa mara kwa mara. Lakini siku ya kidonge wazazi wengine huwaficha watoto nyumbani, eti mwaka jana mtoto alitoa minyoo. Wazazi wenzangu, minyoo ikitoka, dawa imefanya kazi. Tumbo likiuma kidogo, hupita. Mtoto akiamka na homa siku hiyo, mwambieni mwalimu ili asubiri apone kwanza.

Hata hivyo kidonge huua mnyoo ulio tumboni, hakiui mayai yaliyo ardhini. Mnyoo mrefu jike mmoja aweza kutaga mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo huishi udongoni miezi mingi. Mtoto anayejisaidia nyuma ya darasa leo, baada ya wiki chache amemwambukiza mwenzake. Ndiyo maana wale wale waliotibiwa huugua tena.

Ndugu zetu wa mashirika, kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo tumezidi 50,000. Kipimo mnachokifuata ninyi wenyewe ni choo 1 kwa wasichana 30 na choo 1 kwa wavulana 60. Tunaomba mje tuhesabu pamoja, shule kwa shule. Shimo lililojaa tusilihesabu. Choo kisicho na mlango tusikihesabu pia, maana msichana haingii.

Nasi wazazi tusingoje mashirika kwa kila kitu. Mtoto anawe mikono atokapo chooni na kabla ya kula. Sabuni ikikosekana, majivu yapo. Tumkate kucha. Maembe na mboga tuvioshe kwa maji safi. Kandambili zikipatikana, zivaliwe, zisiwekwe kwa ajili ya Jumapili.

Tulipokimbia, mashamba na nyumba vilibaki. Shule ndiyo mali tunayoweza kuwapa watoto hawa, nao hawawezi kuipokea wakiwa wanasinzia.