Mgeni Ana Chombo, Mwenyeji Ana Pwani

Hotuba iliyosomwa Micheweni mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa



Kamati imenitaka niseme machache juu ya utalii na joto la dunia. Naomba ruhusa nianze mbali, kwenye ncha za dunia ambako hakuna mnazi wala mkarafuu, kisha nirejee nyumbani kabla hamjachoka.

Mwaka 1903 baharia wa Norway, Roald Amundsen, alitoka kwao kwa chombo kidogo kutafuta njia ya kupita kaskazini ya Amerika, kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Barafu ilimzuia misimu mitatu ya baridi, na hakumaliza safari ile mpaka mwaka 1906. Mwaka 2016 meli ya anasa iitwayo Crystal Serenity, yenye abiria wapatao 1,000, ilipita huko huko. Ikatoka Alaska na kufika New York kwa siku 32. Ni kweli kwamba meli za leo ni bora, lakini sababu kubwa ni kuwa barafu ya kiangazi imepungua na bahari imefunguka.

Kusini nako ni hivyo hivyo. Lars-Eric Lindblad alianza kuwapeleka watalii Antaktika mwaka 1966, watu wachache tu. Katika msimu wa 2022 na 2023 waliokwenda walizidi 100,000. Wengi wao husema wanataka kuiona barafu kabla haijayeyuka. Hapo ndipo penye msiba, kwani meli na ndege zinazowachukua hutoa moshi, na masizi yake yakitua juu ya theluji nyeupe huifanya inywe joto la jua. Wanasayansi walikadiria mwaka 2022 kwamba masizi ya safari ya mgeni mmoja huharakisha kuyeyuka kwa theluji ipatayo tani 83. Mtu huyo amekwenda kumuaga mgonjwa, naye ndiye anayemzidishia homa.

Najua kuna kijana hapa anayejiuliza: barafu ya huko inatuhusu nini sisi wa Micheweni? Nitamjibu.

Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha kuonekana, kama vile kipande cha barafu kikiyeyuka ndani ya gilasi maji hayamwagiki. Lakini barafu iliyolala juu ya nchi kavu, kule Greenland na Antaktika, ikiyeyuka huingia baharini, na maji hupanda. Tena maji yenyewe yakipata joto hutanuka. Wenzetu wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba yetu, wameyaona maji ya chumvi yakiingia katika mashamba yao. Bahari ni moja, haina mpaka wa wilaya.

Jambo la pili liko karibu zaidi, nalo ni mwani. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na marehemu mama yangu alikuwa miongoni mwa walioingia mapema. Sare yangu, madaftari yangu na nauli yangu vilitoka katika kamba na taitai zake. Nilipokwenda chuo kikuu, sanduku nililobeba lilinunuliwa kwa fedha ya mwani. Baada ya mwaka 2000 ule mwani wenye bei nzuri, unaoitwa kotonii, ulianza kufa katika maji ya kina kifupi, kwa sababu maji hayo hupata moto sana wakati wa kupwa. Matawi huwa meupe, yakalainika na kukatika. Ugonjwa huo umepewa jina la barafu, kwa weupe wake. Basi barafu inayoyeyuka kule kwa joto, kwetu imekuja kuwa jina la ugonjwa unaoletwa na joto hilo hilo. Akina mama wanashauriwa wasogee kwenye kina kirefu, na wengi wao hawajui kuogelea.

Jambo la tatu ni utalii wenyewe. Sisemi kuwa utalii ni adui. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, na vijana wengi wanapata riziki hapo. Micheweni ilitangazwa Eneo Huru la Uchumi tangu mwaka 1992, na huko rasi ya Kigomasha tangu mwaka 2013 mgeni anaweza kulala katika chumba kilicho chini ya maji, akiwatazama samaki dirishani. Wageni wamekwisha kuja, na wengine watakuja. Swali ni watatukuta tumejipanga vipi.

Ndugu zangu, hapa sina budi kusema la nafsi yangu. Miaka michache iliyopita nilikuwa katika kikao cha kazi. Ililetwa ramani, na kipande kimoja cha ufukwe kilipakwa rangi na kuandikwa kuwa hakitumiki. Mimi naujua ufukwe ule. Maji yakitoka, utaona vijiti vya mwani mstari kwa mstari, na kila mstari una mwenyewe. Aliyeichora ramani alifika maji yamejaa. Nilijua haya yote, nikanyamaza, kwa kuwa waliokuwapo walikuwa wakubwa kwangu. Nilikwenda kuandika siku ya pili, na kwa bahati njema mahali pale pakakaguliwa tena. Lakini siku ile ya kwanza bado inaniuma, kwani angelichelewa mtu mmoja kidogo zaidi, mama zetu wangelikuta kamba zao zimo ndani ya ua wa mtu.

Sasa tazameni. Antaktika haina watu wenyeji, wenyeji wake ni pengwini na sili. Hata hivyo kanuni zake zinasema meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe watu, na wanaoshuka mahali pamoja kwa wakati mmoja wasizidi 100. Baada ya meli Explorer kuzama huko mwaka 2007, na watu wote 154 kuokolewa, hofu ilizidi. Mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku huko mwaka 2011, na mwaka 2017 ikaanza kutumika sheria maalumu ya meli za bahari za ncha. Ikiwa pengwini amewekewa kanuni, mama wa Micheweni mwenye kamba zake hastahili?

Ninaomba mambo matatu. Kwanza, ramani ya ufukwe wowote ichorwe maji yakiwa yametoka, na wakulima wa mwani na wavuvi wawepo. Pili, mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya wananchi kabla haujatiwa saini. Tatu, na hili ni lenu wanafunzi: pimeni joto la bahari kila bamvua, mahali pale pale, mkaandike katika daftari la skuli. Baada ya miaka kumi, atakayesema ufukwe huu hautumiki, au joto hili ni maneno ya watu, mtamfungulia daftari. Kipimajoto cha kwanza nimekuja nacho leo, nitamkabidhi Mwalimu Mkuu.

Barafu ikiisha, meli ile itageuza omo itafute pengine pa kutembeza watu. Mgeni ana chombo cha kuondokea. Sisi pwani yetu ni hii.