Heshima kwa Watumishi Waaminifu wa Kanisa



Mwaka 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII aliweka nishani iitwayo Pro Ecclesia et Pontifice, wapewe waliolitumikia Kanisa kwa uaminifu, hata wasio mapadre. Nishani ni jambo jema. Lakini twaona kwamba heshima ikikawia humkuta mtu kaburini.

Na tumtazame Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi, akatiwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawa mganga na katekista pamoja, akakaa huko hata alipofariki mwaka 1956. Miaka 67!

Sisi makarani twahesabu miaka yetu kwa ajili ya pensheni, wala si vibaya. Lakini makatekista wengi wa vijijini wamefundisha watoto na kuzika wafu pasipo daftari la kuwahesabia. Kuandika ndiyo kazi yetu. Basi na tuwaandikie. Kila mmoja wetu alete jina la mzee wa kwao aliye hai, lisomwe mbele ya watu naye akisikia. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa.