Mlemavu Atokaye Kifungoni: Nani Atampokea?

 

Katika misamaha ya Rais, ambayo kwa miaka mingi imetolewa tarehe 26 Aprili na 9 Desemba, mara kwa mara wametajwa wafungwa wenye ulemavu wa mwili au wa akili uliothibitishwa na jopo la waganga. Serikali hufungua lango la gereza. Lakini huyo ashukaye garini hapa Puge na gongo lake mkononi, anapokelewa na nani?

Tusijifiche. Alikuja mmoja ambaye mguu wake haukunjiki, akawa anaswali kwa kuketi, safu ya mwisho. Viatu vya mzee mmoja vilipopotea barazani, macho yetu sote yalimwelekea yeye. Hakuna aliyetamka neno, wala halikuhitajika. Ijumaa iliyofuata hakuonekana. Viatu vilikutwa kwa mjukuu wa mwenyewe, nasi hadi leo hatujamtaka radhi.

Mtume (s.a.w.) aliwakataza Masahaba kumlaani mlevi aliyekwisha adhibiwa, wasije wakamsaidia shetani dhidi ya ndugu yao. Na Abdullahi bin Ummi Maktum (r.a.), naye kipofu, alikuwa muadhini, na akaachiwa Madina aisimamie Mtume alipokuwa safarini. Hakupewa sadaka tu, alipewa kazi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, haimtoi aliyewahi kufungwa. Imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awape wenye ulemavu asilimia 3 ya nafasi. Hapa petu waajiri wa kiasi hicho ni wa kuhesabu. Lililo karibu ni mkopo wa halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani iliyotengwa kisheria tangu 2018 kwa vikundi vya wenye ulemavu. Ila kikundi chahitaji wenzio wanaokuamini, na hapo ndipo mtu huyu hukwama.

Wazee wetu waliishi kwenye njia ya misafara ya Tabora. Mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa njiani, mzigo wake ukatwikwa mwingine.

Tumekwisha zungumza na imamu. Wawili wetu watafuatana naye kwa Afisa Mtendaji ili jina lake lifike kwenye kamati, na ngazi ya mlango wa msikiti itajaziwa udongo. Leo baada ya Laasiri tunakwenda kwake. Atakayefuatana nasi atukute barazani.